Kukaa Msimu Mzima katika Mji Mdogo wa Pwani ya Meksiko: Mwongozo kwa Msafiri wa Lubumbashi

Miezi ambayo Lubumbashi inalowa, yaani kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, ndiyo miezi ambayo pwani ya Meksiko inayotazama Bahari ya Pasifiki inakauka. Wenyeji wa huko huyaita majira hayo baridi, ingawa mchana joto hufika nyuzi 28 au 30 na usiku shuka moja linatosha. Kwa hiyo mtu wa kwetu anayekwenda huko haikimbii baridi kama wafanyavyo Wakanada, maana baridi yetu ni ya mwezi wa sita na wa saba. Anayakimbia matope, au anawafuata ndugu walioko Amerika ya Kaskazini ambao wameona ni afadhali kuwapokea wazazi wao kando ya bahari kuliko kuwapokea kwenye theluji. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Yaya yangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, anaishi Edmonton, Kanada, mama yetu hakutaka hata kusikia habari za theluji, na mwishowe tukakubaliana kukutana Barra de Navidad, mji mdogo wa jimbo la Jalisco, tukakaa huko kuanzia katikati ya mwezi wa kumi na moja hadi mwezi wa tatu. Yanayofuata nimeyaandika kwa ajili ya anayefikiria kukaa muda kama huo, wala si kwa mwenye wiki moja ya hoteli, kwa sababu anayekaa miezi minne hupika, hufua, huugua na kulipa umeme, na hayo ndiyo mambo ambayo vijitabu vya utalii havimwelezi.

Hati kwanza, tiketi baadaye

Mwenye pasipoti ya Kongo anahitaji visa ili kuingia Meksiko, isipokuwa awe na visa halali ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen (zile nchi za Ulaya zenye visa moja), au kibali cha ukaazi wa kudumu katika mojawapo ya nchi hizo. Mwenye hati hizo huingia kama mgeni kwa siku zisizozidi 180. Wengine wote wanapaswa kuomba visa ubalozini, na balozi za Meksiko barani Afrika ni chache; upo Pretoria, upo Nairobi, upo Addis Ababa na katika miji mingine michache. Kabla ya kulipa nauli yoyote, andika uulize ni ubalozi gani unaopokea maombi ya Wakongo na miadi inapatikana lini, kwa maana miadi yenyewe inaweza kuchelewa kuliko safari. Ubalozi hutaka kuthibitishiwa kwamba unazo fedha za kujitunza na sababu ya kurudi nyumbani, na kwa maoni yangu hati za benki za miezi kadhaa mfululizo zina uzito kuliko barua ya mwaliko iliyoandikwa kwa ufasaha.

Jambo linalowakwamisha wengi si visa ya Meksiko bali ni njia ya kufika huko. Kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, safari ya kawaida hupitia Addis Ababa, kisha mji mmoja wa Ulaya, kisha Mexico City. Raia wa Kongo yumo katika orodha ya wale wanaotakiwa kuwa na visa ya kupita uwanjani katika nchi za Schengen, hata kama hatoki nje ya jengo la uwanja wa ndege. Wanaosamehewa ni watu kama wale wenye visa halali ya Marekani au Kanada. Kupitia Marekani bila visa ya Marekani haiwezekani kabisa. Niliwahi kusimama kwenye foleni nyuma ya baba mmoja aliyekuwa na visa ya mwisho wa safari yake, tiketi iliyolipwa na mizigo iliyofungwa kwa kamba vizuri sana, akarudishwa kwa sababu ya saa nne ambazo angekaa Ulaya akisubiri ndege. Anayekuuzia tiketi hana wajibu wa kukukumbusha, kwa hiyo muulize waziwazi ndege inatua wapi na hapo panatakiwa nini, na kwa kuwa kanuni hizi hubadilika, zihakikishe tena mwezi mmoja kabla ya kuondoka.

Ukifika kwenye dirisha la uhamiaji, afisa ndiye anayeandika idadi ya siku. Siku 180 ni kikomo, si haki. Anaweza kuandika chache zaidi iwapo humweleweshi unakaa wapi na unarudi lini. Uwe na anwani ya nyumba ya siku za kwanza na tiketi ya kurudi iliyochapishwa kwenye karatasi, na usome alichoandika kabla hujaondoka mbele yake, kwa maana kusahihisha pale pale ni jambo la dakika mbili. Kumbuka pia kwamba mgeni wa namna hiyo haruhusiwi kufanya kazi ya kulipwa na watu wa Meksiko. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti safari nzima, kwa kuwa utaidaiwa utakaporudi Kongo.

Mji upi, na lini

Nimeitaja Barra de Navidad kwa sababu ndiyo ninayoijua. Ni kipande chembamba cha nchi kati ya bahari na wangwa, na kutoka bandari hiyo, mwezi wa kumi na moja mwaka 1564, merikebu za Miguel López de Legazpi ziling'oa nanga kuelekea Ufilipino. Mwendo mfupi kwa basi dogo upo mji wa San Patricio Melaque, mkubwa kidogo na wenye soko zuri zaidi. Uwanja wa ndege wa karibu ni wa Manzanillo. Anayeshukia Puerto Vallarta hukaa ndani ya basi saa nne au zaidi kwa barabara namba 200 yenye kona nyingi, na ninamshauri asiisafiri usiku.

Mwenye hamu ya kukaa mahali ambapo sura yake si ya ajabu afikirie upande wa kusini, ile sehemu ya majimbo ya Guerrero na Oaxaca iitwayo Costa Chica, ambako wamo Wameksiko wengi wenye asili ya Afrika. Kijiji cha Chacahua, ndani ya wangwa, ni mojawapo ya makao yao. Katiba ya Meksiko iliwatambua rasmi mwaka 2019, ingawa Vicente Guerrero, rais aliyefuta utumwa mwaka 1829, alikuwa wa damu hiyo. Kule Jalisco, karibu kila wiki mtu aliniuliza kwa upole kama natoka Kuba. Lakini kusini kuna jambo moja la kuzingatia. Wakongo na Wahaiti wengi wamepitia Tapachula, mji ulio karibu na mpaka wa Guatemala, wakielekea mpaka wa Marekani, na maafisa wa uhamiaji husimamisha mabasi barabarani. Mweusi asiye na pasipoti mfukoni atashushwa kwanza na kuulizwa baadaye, kwa hiyo safiri na pasipoti yenyewe, na nakala yake uiache nyumbani.

Kuhusu wakati, fika mapema mwezi wa kumi na moja. Msimu wa vimbunga upande wa Pasifiki huhesabiwa kuwa umekwisha tarehe 30 mwezi huo, na wiki zake za mwisho kwa kawaida huwa tulivu, ingawa pwani hii inaijua dhoruba: kimbunga Patricia kilitua humo mwezi wa kumi mwaka 2015. Faida ya kufika mapema ni kwamba wenye nyumba ndipo wanapofungua madirisha, kupaka rangi na kutafuta wapangaji. Ukifika mwezi wa kwanza utakuta Wakanada waliokwisha kulipia nyumba zilezile tangu mwaka uliotangulia, na utabakiwa na vyumba ambavyo hakuna aliyevitaka.

Nyumba

Kodi nyumba ya siku kumi tu ukiwa bado Lubumbashi, kisha itafute ya msimu kwa miguu. Kibao cha kutafuta kimeandikwa *Se renta*, na mara nyingi hakipo kwenye intaneti kabisa, bali kimebandikwa mlangoni kwa mkono pamoja na namba ya simu. Usitume malipo ya miezi minne kwa nyumba ambayo hujaingia ndani yake, hata kama picha zake zinameremeta.

Wengi hutaka nyumba iliyo ufukweni, nami nadhani hilo ni kosa kwa anayekaa msimu mzima. Chumvi ya bahari hula bawaba, kufuli na friji. Muziki wa baa haukomi kabla ya saa nane za usiku. Na kodi yake hupanda. Ukirudi nyuma barabara mbili au tatu unaisikia bahari bado, unalala, na unapata majirani wanaoishi hapo mwaka mzima. Ufukwe wenyewe haukupotei, kwa kuwa kwa sheria ya Meksiko ufukwe ni mali ya umma na hakuna hoteli wala mgahawa unaoruhusiwa kukuzuia kupita. Kiti na mwavuli vya mgahawa ndivyo unavyovilipia, kwa kununua hata soda moja.

Ukiikagua nyumba, fungua bomba ukiwa bafuni, kisha uliza tanki la juu ya paa linajazwaje na maji yakikatika linadumu siku ngapi. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa swali hilo. Kagua nyavu za madirisha kwa kidole, pembe kwa pembe. Uliza nani analipa umeme, kwa maana bili huja kila baada ya miezi miwili na bei ya kila yuniti hupanda sana matumizi yanapovuka kiwango kinachofidiwa na serikali. Mashine ya ubaridi ikiwashwa usiku kucha ndiyo inayovusha kiwango hicho, ilhali feni nzuri inatosha kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu. Yote mliyokubaliana yaandikwe, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari, na kila mmoja abaki na nakala.

Umeme wa huko ni wa volti 127, si 220 kama wetu, na plagi zake ni za meno mawili bapa. Chaja za simu na kompyuta hazina shida, kwani nyingi zimeandikwa 100 hadi 240. Zinahitaji kichwa cha kubadilishia tu. Mama alibeba birika lake la umeme kutoka nyumbani. Halikuungua, lakini lilipata theluthi moja tu ya nguvu zake, na asubuhi ya kwanza tulikaa tukilitazama, yeye akiwa ameshika kikombe chenye majani ya chai tayari, mpaka yaya akanyanyuka na kuwasha jiko la gesi.

Fedha

Tumezoea kulipa kwa dola na kuikagua kila noti kama ina mkunjo. Kule lipa kwa peso. Dola hupokelewa katika maduka ya watalii, lakini kwa kiwango anachokitaka muuzaji, nawe unapoteza kila siku bila kuhisi. M-Pesa na Airtel Money zetu hazitakusaidia; beba kadi mbili za benki mbili tofauti, uzijulishe benki hizo safari yako, na kadi moja isitembee nawe. Mashine ya kutolea fedha itakuuliza kama unataka ikubadilishie kwa fedha ya kadi yako; kataa, ili benki yako ndiyo ibadilishe. Katika mji mdogo mashine ni moja au mbili, na huishiwa noti mwishoni mwa juma na siku za sikukuu, kwa hiyo chukua fedha siku za katikati ya juma. Noti ya peso 500 ni mzigo, kwa kuwa muuza nyanya hana chenji yake. Ivunje dukani unaponunua vitu vingi.

Jikoni

Maji ya bomba hayanywewi. Kila nyumba ina dumu la lita 20 liitwalo *garrafón*. Unanunua dumu mara moja tu, kisha unabadilisha tupu kwa lililojaa, gari la maji linapopita likipiga kelele mtaani. Gesi nayo hupita hivyo hivyo. Katika wiki moja utakuwa umejua sauti ya gari lipi ni ya nini, na utakuwa unatoka na dumu begani kama kila mtu.

Mara moja kwa juma barabara kadhaa hufungwa kwa ajili ya soko liitwalo *tianguis*, na hapo ndipo pa kununua mboga, matunda, sufuria na hata viatu. Ndizi za kupika zipo, mihogo ipo, viazi vitamu vipo, maharage yapo ya rangi ambazo sikuwahi kuziona, na maua makavu ambayo kwa kuyachemsha hutoa kinywaji chekundu huitwa *jamaica*. Samaki nunua ufukweni asubuhi, mitumbwi inapoingia. Sombe, yaani majani ya mihogo, sahau.

Bukari, yaani ugali wetu, inahitaji maelezo. Unga wa mahindi umejaa kila duka, na hapo ndipo unapodanganyika, kwa sababu mahindi yale yamechemshwa na chokaa kabla ya kusagwa. Ndivyo Wameksiko walivyofanya tangu kale, na ndiyo sababu *tortilla*, yaani chapati zao za mahindi, zina ladha ile. Mimi niliumwaga unga huo katika maji yanayochemka kama kawaida. Ulinata kwenye mwiko kama gundi, ukakataa kukaza, na jikoni pakanuka chokaa kama ukuta uliopakwa jana. Mama alionja kidogo, akaweka sahani kando bila kusema neno, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kusema. Ushauri wangu ni kuacha kuupigania. Nenda kwenye nyumba ya kuuza *tortilla*, panga foleni ukiwa na kitambaa chako safi, nunua nusu kilo zikiwa bado moto, na uzile kwa samaki na pilipili kama unavyokula bukari, kwa mkono. Baada ya wiki mbili mama ndiye aliyekuwa akitutuma kwenda kuzileta.

Kwa wanawake niongeze jambo moja: katika miji hii midogo hatukumpata mtu wa kusuka nywele zetu. Nywele za kusukia zibebwe kutoka nyumbani, pamoja na mikono ya kuzisuka.

Maneno machache

Kihispania si kigumu kwa Mswahili. Kina vokali tano zilezile za kwetu, karibu kila herufi husomwa ilivyo, na aliyesoma Kifaransa shuleni atayatambua maneno mengi yakiandikwa. Kigumu ni adabu, nayo pia tunaijua: mtu haingii dukani akaanza kuuliza bei, husema kwanza *buenas tardes*, na akiwapita watu wanaokula, hata asiowafahamu, huwaambia *provecho*, kama sisi tunavyomkaribisha au kumpongeza aliye mezani. Jihadhari na neno *ahorita*. Kamusi hulieleza kuwa ni sasa hivi, lakini fundi bomba akilitamka, lihesabu kama "nakuja" ya fundi wa kwetu.

Lubumbashi iko saa nane mbele mwaka mzima, kwa kuwa Meksiko iliacha kusogeza saa mwaka 2022. Piga simu nyumbani saa mbili asubuhi, wakati Lubumbashi ni saa kumi alasiri; ukipiga saa mbili usiku utawaamsha saa kumi za alfajiri, na watadhani pana msiba.

Afya na bahari

Hapa msafiri kutoka Kongo anatofautiana na Mkanada. Ukishikwa na homa katika wiki za kwanza, daktari wa huko atafikiria dengi, ambayo ipo kweli na huenezwa na mbu wanaouma mchana, wala hatafikiria malaria uliyoibeba kutoka nyumbani. Mwambie mara moja kwamba unatoka Kongo na uombe upimwe damu kwa yote mawili. Kabla ya majibu usimeze aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa dengi ikiwemo huongeza hatari ya kutoka damu. Maduka mengi ya dawa yana chumba cha daktari pembeni, ambapo unamwona kwa bei ndogo. Kwa makubwa utaenda Manzanillo, na bima ya safari iwe imelipwa kabla ya kuondoka.

Nge wa pwani hii wana sumu ya hatari, hasa kwa watoto. Kila asubuhi kung'uta viatu, na taulo iliyoanguka sakafuni usijifute nayo kabla ya kuikung'uta. Akikuuma, usisubiri kuona itakuwaje. Kimbia kituo cha afya, kwa kuwa dawa ya kuua sumu hiyo ipo.

Anayejua kuogelea katika Tanganyika au Mweru asidhani anaijua bahari. Pasifiki ina mikondo inayomvuta mtu kutoka ufukweni, na mwenye nguvu ndiye anayekufa kwa kushindana nayo. Mkondo ukikushika, usiogelee kuelekea nchi kavu. Ogelea ukiambaa sambamba na ufukwe mpaka uutoke, ndipo urudi. Chagua ghuba zilizojikinga, na uwatazame wenyeji: mahali ambapo watoto wao hawaogi, nawe usioge. Pia, tarehe 9 mwezi wa kumi mwaka 1995 tetemeko kubwa liliipiga pwani hii na bahari ikaingia mjini Melaque. Ardhi ikitikisika kwa nguvu, panda mlima bila kungojea tangazo.

Kuondoka

Mwezi wa tatu Melaque husherehekea mtakatifu wake, Patrick, na kilele ni tarehe 17: fataki, ng'ombe, matarumbeta na usingizi mdogo. Ni vizuri kukaa mpaka hapo. Lakini Juma Takatifu lisikukute bila mpango, kwa sababu ndipo Wameksiko wenyewe wanapoteremka pwani kutoka Guadalajara. Kodi huruka, mabasi hujaa, na mwenye nyumba anaweza kuwa ameshamwahidi mtu mwingine chumba chako. Sisi tuliondoka siku kumi kabla.

Siku ya kukabidhi ufunguo, piga picha mita ya umeme mkiwa pamoja na mwenye nyumba, dai amana yako pale pale, na uache dumu la maji na gesi iliyobaki kwa atakayefuata. Vyombo vya umeme mlivyonunua visirudi nanyi, kwa kuwa kitu cha volti 127 kikichomekwa kwenye 220 ya Lubumbashi kitatoa moshi siku hiyohiyo. Mama alikuwa ameshaifunga mashine ya kusagia matunda ndani ya vitenge viwili. Tuliifungua usiku wa mwisho, akampelekea mwenyewe jirani wa mkono wa kushoto, pamoja na kitenge kimoja.